Shombo la Ng'onda na Adabu za Ukaguzi

Katika mambo yanayomfedhehesha msafiri wa pwani yetu afikapo katika viwanja vya ndege, sidhani kama liko linalozidi kufunguliwa sanduku hadharani likatoka shombo la ng'onda, au harufu kali ya achari iliyopenya mfuniko wa chupa, mkaguzi akajiziba pua ilhali safu nzima ya abiria imegeuza shingo kutazama. Ukaguzi wenyewe siulaumu hata kidogo. Asiyetaka kupekuliwa na apande jahazi. Ninachokipinga ni dhana iliyoota mizizi miongoni mwa baadhi ya wakaguzi kwamba mzigo unaonuka ni mzigo wa kutiliwa shaka, na kwamba mwenyewe amekwisha kuwa nusu mkosa kabla hajaulizwa neno.

Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, huko Scotland, wakafa watu 270 kwa baruti iliyofichwa ndani ya redio ya kaseti katika sanduku la nguo. Baruti ile, Semtex, ni ya namna inayofinyangika, na wakati ule harufu yake ilikuwa hafifu mno. Ndiyo maana mataifa yalipokutana Montreal mwezi Machi 1991 yalipatana kwa mkataba kwamba kila aitengenezaye baruti ya jinsi hiyo aitie kemikali yenye mvuke, ili mbwa na mitambo wapate cha kunusa. Ulimwengu, basi, umelazimika kutunga sheria ya kuipa hatari harufu ambayo kwa asili yake ilikuwa haba, na hata harufu hiyo ya kutiwa haikukusudiwa kwa pua ya binadamu.

Mtambo wa miale unaopitishiwa mizigo nao haujui shombo. Chuma huonyeshwa kwa rangi ya buluu, na vitu vyenye asili ya mimea na wanyama, pamoja na baruti, kwa rangi ya chungwa. Kwa hiyo halua, kwa wanga wake na sukari yake na samli yake, hutokea katika kioo kama bonge zito la rangi hiyo hiyo, ambalo mkaguzi mwangalifu hana budi kulifungulia sanduku. Alhasili, halua inayonukia hiliki na zafarani ina sababu kubwa zaidi ya kupekuliwa kuliko ng'onda aliyekauka akawa mwembamba, wala sijapata kusikia mtu akidhihakiwa kwa sababu ya halua.

Pua zinazofaa kwa kazi hii zipo, nazo zimefundishwa. Marekani ilianza mwaka 1984, katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, kuwatumia mbwa wadogo wa aina ya beagle kunusa matunda na nyama katika mizigo ya abiria. Na hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu, na katika miaka ya karibuni magamba ya kakakuona na pembe za ndovu. Panya huyo akikutana na harufu asiyofundishwa hupita zake. Hakunji uso wala hamwiti mwenziwe aje acheke.

Hayo ya kuitana niliyaona kwa macho yangu katika uwanja mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Mama wa makamo, aliyekuwa akimpelekea bintiye kitoweo, alifunguliwa furushi lililofungwa kwa gazeti, kisha kwa mfuko wa plastiki, kisha kwa kanga kuukuu. Mkaguzi akalinyanyua kwa vidole viwili, akawaita wenzake, na lilipoonekana kuwa halina kosa lolote akalirudisha limefunuliwa vile vile juu ya nguo zilizopigwa pasi. Mama akasimama kando, akihangaika kufunga zipu iliyokataa, huku wa nyuma yake wakimhimiza apishe.

Sheria ina mizani nyingine kabisa. Umoja wa Ulaya humruhusu abiria kuingia na samaki wa matumizi yake hata kilo 20, maadamu si wa aina zinazolindwa, na humruhusu ndizi, nazi, tende, nanasi na hata doriani pasipo cheti cha afya ya mimea. Ilhali nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu humkataza, hata vikiwa havina harufu. Abiria naye ana wajibu: ng'onda afungwe mifuko miwili isiyopitisha hewa na kutiwa katika kopo, achari iende katika sanduku la chini, na kinachopaswa kutangazwa forodhani kitangazwe. Nao wenye viwanja waweke meza moja nyuma ya pazia, glavu safi na utepe wa kufungia, na mkaguzi aliyefungua afunge mwenyewe.