Dawa si Neno Moja

Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa. Katika methali neno hilo hutosha. Katika sayansi halitoshi. Dukani huuzwa dawa ya kikohozi, dawa ya panya na dawa ya viatu, ilhali ya kwanza hutibu, ya pili huua, na ya tatu hung'arisha ngozi tu.

Lugha inayo maneno ya kutenganisha mambo haya. Chanjo hutangulia maradhi, tiba huyafuata. Kiuasumu hupinga sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Kiuavijasumu, mathalani penisilini iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, hushambulia bakteria, wala hakina nguvu juu ya virusi vya mafua. Kiuatilifu huangamiza wadudu waharibifu shambani, nacho chaweza kumdhuru binadamu vilevile.

Mkulima aliyezoea kukiita kiuatilifu "dawa" huweza kukihifadhi chumbani katika chupa ya soda, na mtoto akakinywa. Yawapasa basi walimu, mabwana shamba na wenye maduka kukiita kila kitu kwa jina lake. Jina sahihi nalo ni kinga.