Eti Mama Hakulalamika

Kama ningekuwa Askofu wa Same kwa siku moja tu, ningepiga marufuku sentensi moja isisomwe tena mbele ya jeneza la mama yeyote: "Marehemu mama yetu alikuwa mvumilivu, hakuwahi kulalamika." Nimeisikia Kilomeni, nimeisikia Same mjini, nimeisikia hata kwenye misiba ya Walutheri na Wasabato, maana kwa jambo hili madhehebu yetu ya Upareni yaliungana zamani bila kusubiri kikao cha wanateolojia. Msomaji wa wasifu, mara nyingi mtoto wa kiume aliyefika alfajiri na basi la Dar es Salaam, akifika hapo sauti humkatika. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, huinamisha vichwa. Kila mtu huona marehemu amesifiwa.

Mimi naona amesingiziwa. Na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu, na kesho yake nikaisoma.

Ilikuwa usiku wa kuamkia maziko ya mama. Tulijifungia chumba cha nyuma, watoto wake wote, tukiandika wasifu kwa mwanga wa simu. Kazi ile ina mpangilio wake usiobadilika: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa. Tulipofika kwenye kazi, kaka akasema, "Andika mama wa nyumbani." Nikaandika. Tukaingia kwenye tabia: mcha Mungu, mchapakazi, mkarimu, mvumilivu, hakulalamika. Mama mdogo alikuwa mlangoni na ungo, anachambua maharage ya makande ya waombolezaji. Akanyanyua kichwa.

"Nani hakulalamika?"

Tukanyamaza.

"Dada yangu amelalamika tangu mwaka alioolewa mpaka juzi yuko kitandani. Semeni hamkumsikiliza, wanangu, hapo nitawaelewa."

Kaka akamwambia mama mdogo amechoka, apumzike kidogo. Sentensi ikabaki mahali pake, na asubuhi sauti yangu ikakatika pale pale inapotakiwa kukatika.

Mama alilalamikia nini? Anayeijua milima yetu hahitaji kuambiwa sana. Mji wa Same umekaa chini kwenye ukame, upande ambao milima inauzuilia mvua; ukipanda juu unakuta migomba, kahawa, maharage na ukungu. Kati ya huko na huku ni mteremko, na mteremko huo ndio uliompiga mama magoti. Siku za soko alishuka na ndizi kichwani, akapanda na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Hilo hakulilalamikia. Alisema miguu ni ya kutembelea.

Alilalamikia maji. Ndiva yetu, kama ndiva nyingine za Upareni, ni bwawa la mawe na udongo ambalo usiku hukusanya maji ya kijito, na asubuhi hufunguliwa yateremke kwenye mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Ni kazi ya akili sana, wazee waliijenga na kuitunza kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, na wageni wengi wamekuja kuipiga picha. Lakini zamu zilipangwa na wanaume, kwenye vikao vya wanaume, wakati mwenye jembe mkononi saa maji yanapofika shambani alikuwa mwanamke. Mama alitaka kujua kwa nini zamu yetu iangukie kila mara siku ambazo ndiva haijajaa. Alimuuliza baba. Alimuuliza mwenyekiti wa kitongoji. Siku moja alimuuliza hata Padre, baada ya misa, na Padre wa watu akasema atawaombea.

Alilalamikia kahawa. Aliyepalilia ni yeye, aliyechuma ni yeye, aliyeosha na kuanika ni yeye, ila kadi ya chama cha ushirika ilikuwa na jina la baba, na fedha za msimu zilipanda mlima zikiwa zimepungua. Alitulalamikia na sisi tuliokwenda mjini: kwamba paa linavuja, kwamba tumemwachia wajukuu watatu bila daftari, kwamba umri wake si wa kubeba ndoo tena na tumnunulie tangi la kukingia maji ya mvua. Hilo la tangi alilisema miaka isiyopungua sita.

Ila alilalamika huku anafanya kazi, na hapo ndipo tulipopotelea. Alisema anapuria maharage, alisema anachochea moto, alisema anafunga kilemba aende jumuiya. Kwa kuwa chakula kiliiva na mahindi yalipaliliwa, sauti yake tukaichukulia kama redio iliyoachwa wazi jikoni. Kwetu lalamiko huanza kuhesabiwa pale mlalamikaji anapogoma, na mama mwenye watoto saba atagomaje? Kwa hiyo mwisho wa yote tuliandika kwamba hakusema.

Nitajibiwa kuwa nachafua imani. Kwamba Mkristo mwema hubeba msalaba wake kimya, na wana wa Israeli waliadhibiwa jangwani kwa kunung'unika. Sawa, tufungue vitabu. Kwenye arusi ya Kana, aliyeona divai imekwisha na kwenda kumwambia mwenye uwezo ni Mama Maria mwenyewe. Alijibiwa kwa namna ambayo mama mwingine angerudi kukaa. Yeye akageukia watumishi kama mtu ambaye shauri lake limekwishakubaliwa. Kwenye Injili ya Luka, sura ya 18, kuna mjane anayemsumbua hakimu dhalimu kila siku mpaka hakimu anasalimu amri kwa kuchoka, na Yesu anamtoa mjane huyo kuwa mfano wa kusali. Tanzania nzima inatutania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nikisoma Luka 18 huwa najiuliza kama yule mjane hakutokea Mamba au Gonja, huku kwetu Upareni.

Na yuko Monika, ambaye nusu ya bibi zetu wanaitwa kwa jina lake. Tumemfanya mtakatifu wa machozi ya kimya, na machozi yake hayakuwa kimya hata kidogo. Alimfuata askofu mmoja akimtaka azungumze na mwanawe aliyepotoka. Askofu akakataa, Monika akazidi kulia na kubembeleza, mpaka askofu akakereka, akamwambia aende zake, haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo aangamie. Aliyetuandikia habari hiyo ni mtoto mwenyewe, Augustino, katika Maungamo. Yeye ndiye alikuwa chanzo cha kilio, na hakuficha. Huyo ndiye mtoto aliyejua kuandika wasifu wa mama.

Lakini hata tuyaweke maandiko pembeni, sisi watu wa Same hatuna kisingizio, kwa sababu mji wetu una historia ya wanawake waliolalamika mpaka serikali ikasikia. Miaka ya 1940 utawala wa Mwingereza ulileta Upareni kodi ya kupangiwa mtu kwa kadiri ya mali yake, ukaipa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watemi, ili ifanane na mila. Watu wakaikataa. Januari 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milimani, wakakusanyika hapa Same kwenye makao ya wilaya, na wakakaa miezi na miezi wakisubiri kusikilizwa. Vitabu vingi vinaishia kwa wanaume hao. Jiulize: miezi yote hiyo nani alilima? Nani alipanga chakula cha kuwashushia waliokuwa bondeni?

Mwaka uliofuata wanawake walichoka na hesabu hiyo. Mkuu wa wilaya alipokwenda Usangi, walimkabili wakamwekea mambo mawili achague: amalize shauri la kodi waume zao warudi nyumbani, au awatie mimba wote yeye mwenyewe. Niliposoma hayo mara ya kwanza katika maandiko ya historia niliyafunga kwa aibu, nikamwona bibi yangu na rozari yake. Halafu nikayafungua tena nikacheka peke yangu. Baadaye mamia ya wanawake walitembea kutoka Usangi hadi Same, maili zipatazo 25, kuongeza nguvu. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa. Najua Usangi ni ya Waislamu na Walutheri zaidi, na wengi wa kina mama wale hawakuwa Wakatoliki. Haidhuru. Kizazi kile ndicho kilichozaa mama zetu, na kutoka kwao tumepata, eti, ukoo wa wanawake wasiolalamika.

Neno la pili ninalolijutia katika wasifu ule ni "mama wa nyumbani", na maana yake kwa tafsiri ya mtaani ni kwamba hakuwa na kazi. Hapo hata sheria ilitutangulia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama, Jaji Mkuu Nyalali akiwa kwenye kiti, ikasema zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na alichodai, kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini hoja ilisimama na imesimama hadi leo. Na mahakama isingeijua hoja hiyo kama mwanamke mmoja asingekwenda kulalamika.

Kwa nini basi tunaing'ang'ania sentensi hii? Kwa sababu ni ya bei nafuu. Mama akiwa hakulalamika, basi hakuna aliyemkosea; baba hakula fedha za kahawa, kikao cha ndiva kilikuwa cha haki, na sisi tuliokuwa tunatuma elfu ishirini wakati wa Krismasi tulikuwa watoto wema. Tunampa utakatifu, na yeye anatupa risiti. Kina mama walewale wanaoendesha WAWATA tangu 1972, wanaotunza daftari la michango na kumfuata mdaiwa mpaka mlangoni bila haya, siku tukiwazika tunawageuza mabubu. Kibaya zaidi ni kwamba mabinti zetu wamekaa pale kanisani, wanasikiliza ni mwanamke wa namna gani atakayeliliwa.

Sikatai kwamba wapo waliokaa kimya kweli. Nawajua wawili watatu pale kijijini. Mmoja alinyamaza kwa sababu kila aliposema alipigwa, na aliyesoma wasifu wake akisifu uvumilivu ndiye aliyekuwa akimpiga. Wala sikatai kwamba mama yangu alivumilia. Aliamka saa kumi, alisali rozari akiwasha moto, alikwenda misa ya Jumapili kwa miguu hata alipokuwa anachechemea. Alikuwa na subira ya kuchosha. Subira na kulalamika vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na Mungu, nadhani, alivisikia vyote viwili.

Mwaka uliopita tulifanya misa ya kumwombea. Nikaomba nisome mimi tena. Nilisoma orodha: zamu za ndiva, kadi ya kahawa, paa, madaftari ya wajukuu. Kaka alitoka nje kama anapokea simu. Mama mdogo, kwenye benchi la mbele, alicheka kwa sauti mpaka Katekista akamgeukia.

La tangi sikulisoma. Tangi tulilinunua, la lita 1,000, jeusi. Lilipandishwa mlimani kwa gari la kukodi siku moja kabla ya maziko, kwa sababu waombolezaji walikuwa wengi na kamati ya msiba ilisema haiwezekani watu wote wale wakakosa maji.