Chungu cha Risasi na Kidhibiti Joto cha Kujitengenezea

Mvuvi wa pwani hahesabu chubwi alizopoteza baharini, huzisubu nyingine. Risasi chakavu, mara nyingi ile ya betri za magari, huwekwa katika sufuria kuukuu juu ya moto, ikayeyuka, ikamiminwa katika kalibu. Fundi mwenye umeme huweza kuacha mkaa na kutumia chungu chenye koili. Hapo ndipo huzuka suala la kulitawala joto, nalo lastahili uzito kuliko linavyopewa, kwa kuwa linahusu mapafu ya fundi na ubongo wa wanawe zaidi ya uzuri wa chubwi.

Risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327.5 za Sentigredi, na nyuzi 370 hadi 400 zatosha kuimimina. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke wake unavyoongezeka, na wataalamu wa afya kazini hutahadharisha hasa juu ya nyuzi 500. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Jicho nalo si kipimo cha kutegemea, kwani risasi haiwi nyekundu kama chuma cha mhunzi ili kumwonya mtu.

Tena hupata moto upesi ajabu. Joto la kuyeyushia kilo 5 za risasi lakaribia lile la kuchemshia lita moja ya maji. Ikisha kuyeyuka, koili ya wati 500 huweza kuipandisha nyuzi 40 kwa dakika, kama joto halipotei. Fundi akigeuka kuitikia salamu za jirani, na salamu za pwani si fupi, atarudi akute chungu kimepita mpaka.

Wengi hudhani swichi ya jiko la umeme, ile ya kuzungusha, itafaa. Haifai. Swichi hiyo hugawa muda wa umeme kuwaka na kuzima tu. Haijui joto la chungu. Risasi inapotekwa na kupungua, umeme uleule huangukia madini machache zaidi, na joto hupanda bila mtu kugusa kitu.

Dawa yake ni themokapo, yaani nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani. Alichokigundua Seebeck mwaka 1821 ndicho kinachotumika: ncha mbili zikitofautiana joto, umeme kidogo hutokea. Kwa themokapo ya aina ya K ni kama maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Lakini kinachopimwa ni tofauti ya joto, wala si joto lenyewe. Ncha ya pili ikiwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30, na sakiti ikadhani ni sifuri, chungu kitazidi kipimo kwa takriban nyuzi 30. Siku hizi chipu moja ndogo hulisahihisha kosa hilo, kisha rilei hukata na kurudisha umeme.

Kifaa hiki kingefaa sana kuwa zoezi katika vyuo vya ufundi, mradi kisifundishwe nusu nusu. Mwanafunzi na akihakiki kwa bati safi, ambalo likipoa husimama kwenye nyuzi 232 hadi ligande lote. Kuiona sindano ya kipimo ikisimama hivyo ni somo la fizikia lisilosahaulika. Kisha na aulizwe: themokapo ikichomoka chunguni, itakuwaje? Itapima joto la hewa, na kidhibiti kitaongeza moto bila kikomo. Na migusano ya rilei ikiganda pamoja? Hali ni ileile. Kwa hiyo pawepo kikata umeme cha pili kisichotegemea cha kwanza, na mwili wa chungu uunganishwe na waya wa ardhi. Kidhibiti kisicho na haya hakistahili alama, hata kikifanya kazi siku ya mtihani.

Hata kilicho kamili hakizuii kila balaa. Tone la maji likizama katika risasi hugeuka mvuke mara moja, likapanuka takriban mara 1,700, na madini yakaruka usoni. Vumbi la takataka zinazoenguliwa juu ya chungu lina sumu hata joto likiwa la chini, nalo hufuata nguo hadi nyumbani. Kupasua betri uani hakuna kidhibiti kinachoweza kukuhalalisha.

Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa chubwi ndogo za risasi kwa wavuvi wa ndoana, ili kuwanusuru ndege wa majini. Huku pwani nyavu zilipata kuzamishwa kwa mawe. Vipande vya nondo ni vyepesi kuliko risasi ya ukubwa uleule kwa takriban theluthi moja, lakini idadi yake yaweza kuongezwa, na hukatwa kwa msumeno bila kuyeyushwa.