NGALAWA ZA CHAMA ZITATUUA, NA HIYO SI KUDRA

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Jumanne iliyopita watu wanne wa kijiji hiki waliokolewa wakiwa wamepanda mgongo wa ngalawa iliyopinduka. Wamerudi hai, tumeshukuru. Lakini tangu siku hiyo tunasikia neno moja tu. Barazani, kudra. Kisimani, kudra. Hata kwenye mkutano kiongozi wetu mmoja alisimama akasema ajali ya bahari ni kudra, tusitafute mchawi. Sisi tunaoandika ubao huu hatutafuti mchawi. Tulikwenda ufukweni tukaikagua ile ngalawa kwa macho yetu, na tunasema waziwazi: kudra haikufunga zile kamba. Tulizifunga sisi, kisha tukaziacha zioze.

Tuliona nini? Ile miti miwili inayokingama ni mizima. Ndubi ya kushoto ni nzima. Ndubi ya kulia haipo, imekwenda na maji, na fundo lake limebaki kwenye mti: kamba ya manila iliyopauka kwa jua, ukiipikicha vidoleni inatoka unga. Na juu ya kamba hiyo, jamani, waya! Mtu ameona kamba imechoka, badala ya kuifungua afunge mpya, akazungushia waya. Ngalawa ikipanda wimbi miti lazima icheze kidogo, ndiyo maana wazee walifunga kwa kamba wala hawakupigilia misumari. Waya hauchezi. Unapata kutu kwa chumvi, halafu unaikata kamba kama msumeno. Aliyefunga waya ule anajijua. Hatumtaji, maana hata kama angekwenda ghalani kuomba kamba angeambiwa hela hakuna.

Hela hakuna! Na rangi je? Mwezi uliopita ngalawa zote tatu zilipakwa buluu na nyeupe, zikaandikwa jina la chama ubavuni kwa herufi kubwa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Rangi nzuri, hatubishi. Ila imepakwa pale inapoonekana. Chini, panapokaa majini, hapakuguswa na mtu. Zamani chombo kilipandishwa siku za bamvua, kikalazwa ubavu, kikapitishiwa moto wa makuti makavu ili afe yule mdudu anayetoboa mbao, kisha kikapakwa sifa. Kazi ya asubuhi moja, gharama yake jasho. Ni lini mara ya mwisho tumenusa sifa ufukweni kwetu? Ngalawa zetu ni za mwembe, na mdudu huyo anaupenda mti wa mwembe kuliko watoto wetu wanavyopenda embe zenyewe. Tulichomeka kisu chini ya ngalawa ya pili, ile ambayo haikupinduka. Kiliingia kama kwenye muhogo uliochemka. Ngalawa hiyo jana imekwenda baharini.

Sasa tuje kwa manahodha, msidhani tumewasahau. Kuna msemo umezuka kuwa ngalawa haipinduki kwa kuwa ina mabawa. Nani kawaambia? Ndubi si boya. Ni ubao uliolazwa mshazari. Ngalawa ikienda mbio maji huusukuma ubao ule juu, na nguvu hiyo ndiyo inayotuzuia tusilale. Chombo kikisimama, au kikilemewa, ubao huo msaada wake ni mdogo, unazama tu. Siku ya Jumanne walipanda watu wanne, nyavu mbili, sanduku la barafu na magunia mawili ya mkaa ya mtu ambaye si mvuvi wala si mwanachama. Nauli ya mkaa huo iliingia mfuko gani? Tunauliza tu. Daftari la chama halina habari zake.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 200. Chombo cha chuma chenye injini kilishindwa, seuze gogo la mwembe?

Halafu demani. Demani ya tanga hushikwa mkononi, au hufungwa kwa fundo la kufyatuka, ili upepo ukija ghafla uilegeze mara moja tanga limwage upepo. Siku ile ilifungwa fundo gumu, na aliyepaswa kuishika alikuwa anakunja sigara. Mwenyewe amekiri, tunamsifu kwa kukiri. Lakini tanga lilikuwa lile kubwa la kaskazi, na huu ni msimu wa kusi! Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, redio inazisoma, na simu tunazo, za kusikilizia mpira. Jumatatu usiku nani alisikiliza habari ya upepo?

Na hili la mwisho linatuuma zaidi. Majaketi ya kuokolea manane tuliyonunua kwa michango yetu, kina mama wakiuza mwani na ukili, yako ghalani yamefungiwa kufuli, yangali ndani ya nailoni zake. Ati yatachafuka. Yametoka mara moja tu: siku ya wageni. Tukavaa, tukapigwa picha, tukavua. Mmoja wa wale wanne Jumanne hajui kuogelea, na kila mtu hapa kijijini anamjua.

Tumesikia wengine wakisema dawa ni kuwaandikia wafadhili watupe mashua za faiba. Kijana wetu anayefanya kazi hotelini ametueleza kuwa wageni wanazo za faiba zenye mabawa mawili kama ngalawa, tena mabawa yanakunjwa ili chombo kivutwe na gari barabarani. Mmoja wa waliobuni mashua hizo alikuwa Ian Farrier wa New Zealand, miaka ya 1970. Sawa. Lakini mwenye chombo hicho naye, kabla hajatoka, hushika spana akakaza bolti za kila bawa, moja baada ya nyingine. Akipewa mtu wa kuzungushia waya, faiba itamsaidia nini?

Basi tunataka kamba mpya inunuliwe kabla ya chombo chochote kutoka tena, na ile ngalawa ya pili ipandishwe juu leo, si kesho. Kufuli la ghala lifunguliwe. Kila ngalawa iwe na kopo la kufulia maji lililofungwa kwa kamba, maana la Jumanne lilielea likaenda zake. Mizigo ya watu baki, kama itabebwa, iandikwe daftarini.

Jumamosi bamvua likitoka tutakuwa ufukweni na makuti. Sifa tumeipata lita tano kwa mzee mmoja aliyekataa malipo. Wajumbe wa kamati waje na mikono, hotuba wabakize nyumbani. Na anayeona tumemwonea alete jibu lake kwenye karatasi, gundi tunayo, tutalibandika hapa hapa pembeni.

Sisi, Waandishi wa Ubao