AFYA NYUMBANI: Dawa ya Kuzuia Damu Itokayo Utumboni

Mtu aonapo damu katika choo chake, mara nyingi hukimbilia duka la dawa kuomba vidonge vya kukausha damu. Dawa ya namna hiyo itajwayo sana ni asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa nchini Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke. Kazi yake ni kulizuia donge la damu lililokwisha kuganda lisiyeyuke upesi.

Katika majeshi dawa hii ina sifa njema, tena ya haki. Uchunguzi uitwao CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010, uliwahusu majeruhi 20,211, na ulionyesha kwamba huokoa maisha ya majeruhi apewapo mapema, yaani katika saa 3 za mwanzo. Basi watu wakatumaini kwamba kilichofaa jeraha kitafaa na utumbo. Haikuwa hivyo. Mwaka 2020 uchunguzi wa HALT-IT, wenye wagonjwa 12,009 katika nchi 15, ulionyesha kwamba vifo havikupungua kwa waliotokwa damu tumboni na utumboni. Bali baadhi yao walizidi kupatwa na damu kuganda mishipani, na kifafa.

Damu ya utumbo mpana mara nyingi hukoma yenyewe. Isipokoma, daktari huingiza mpira wenye kamera, akautafuta mshipa unaovuja, akaufunga. Pengine huuzungushia sindano ya adrenalini kwanza. Kuhara damu kuna dawa zake, kadiri ya kijidudu kilichosababisha. Bawasiri hutulizwa kwa maji mengi, mboga na matunda, ijapokuwa si kila damu nyekundu ni bawasiri: saratani nayo hujificha humo, na aibu ya kupimwa huipa nafasi ya kukua.

Dawa yenye faida kubwa zaidi huenda ikawa ile inayoachwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo askari humeza ovyo baada ya gwaride au doria ndefu, huchochea utokaji wa damu. Aspirini pia, lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache pasipo shauri la daktari.

Mgonjwa mwenye kizunguzungu, jasho baridi, damu nyingi au choo cheusi kama lami apelekwe hospitali saa ile ile, na jamaa wachukue pakiti za dawa zote alizokuwa akimeza.