TELEVISHENI YA KUKOPA SI MALI YETU, NI MALI YA KUPE



Siku hizi wimbo ni mmoja mjini na vijijini. Kila duka la vyombo vya umeme limeweka televisheni kubwa mlangoni, inchi 43, inchi 55, hata inchi 65, na pembeni yake pana kibao: chukua leo, lipa kidogo kidogo. Kabwela akipita husimama. Hutazama picha iliyo safi hata majani ya uwanja wa mpira yakahesabika. Huwakumbuka watoto wake ambao kila Jumamosi huenda kubanana katika kibanda umiza, naye huingia dukani. Sisi hatumlaumu kwa kuingia. Tunalotaka kulisema leo ni habari ya mnyororo anaotoka nao.

Lakini kwanza tuwajibu mabwana wakubwa. Wako watu katika nchi hii wenye televisheni sebuleni, chumbani na jikoni, nao wakisikia kwamba dereva wa bodaboda au mama ntilie amenunua inchi 55, hucheka. Husema, "Choo hana, televisheni anayo!" Maneno haya tumeyasikia kwa masikio yetu. Twawauliza mabwana hao: ni nani aliyewapa ninyi kazi ya kuyapimia macho ya wananchi? Je, picha nzuri ni haki ya mwenye gari peke yake? Mtu aliyepiga kazi tangu alfajiri hastahili kukaa na watoto wake jioni akatazama taarifa ya habari, mchezo wa kuigiza na mpira? Anastahili. Kudharau furaha ya maskini ni kasumba ile ile ya zamani, imebadili koti tu.

Wengine hujificha nyuma ya jina la Mwalimu Nyerere. Husema, Mwalimu alikataa televisheni, kwa hiyo ni kitu cha anasa. Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote mpaka mwaka 1994, na televisheni ya serikali ikafuata baadaye. Mwalimu alikataa kwa sababu aliiona ni anasa ya gharama kubwa ambayo ingewafaa wachache wenye fedha na kuzidisha pengo kati yao na walio wengi. Hoja yake ilikuwa pengo. Basi anayetumia jina lake leo ili kabwela abaki bila kitu ambacho yeye mwenyewe anacho, ameigeuza hoja hiyo miguu juu. Walipozima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kabwela naye aliambiwa anunue king'amuzi. Hakuna aliyemwambia wakati ule kwamba televisheni si saizi yake!

Hayo yamekwisha. Sasa tuseme na sisi wenyewe.

Mwezi uliopita tulikuwa katika kazi ya kutembelea wanachama katika kata moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Tukabisha hodi kwa mama mmoja, fundi wa kushona nguo, ambaye mumewe huchoma mishikaki jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Tulipokaa tuliona ukutani chuma cha kushikia televisheni, kimekazwa kwa misumari minne, wala hakina kitu. Mmoja wetu akauliza kama televisheni imepelekwa kwa fundi. Mama akacheka, lakini si cheko la furaha.

"Haikwenda kwa fundi, wanangu. Imekwenda kwa mwenyewe."

Akatueleza. Alitaka vijana wake wawili waache kurudi usiku kutoka kibanda umiza. Akaitamani inchi 55 ya shilingi 1,000,000. Fedha hana. Akaonyeshwa mtu wa mikopo, wale ambao wananchi wamewapa jina lao la haki, kausha damu. Akapewa milioni moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, miezi kumi, alipe shilingi 75,000 kila wiki. Akalipa miezi minne bila kukosa. Mwezi wa tano mvua zikanyesha, mishikaki haikuuzika, wateja wa nguo wakapungua, akakosa wiki mbili. Wiki ya tatu wakaja vijana na guta. Wakabeba televisheni. Kisha wakasema televisheni iliyotumika haitoshi kulipa deni, wakabeba na cherehani.

"Televisheni ilikuwa furaha yangu," alisema mama yule, "lakini cherehani ilikuwa mkono wangu."

Na vijana wake? Wamerudi kibanda umiza.

Haya wananchi, tufanye hesabu, kwa maana kupe hapendi hesabu ifanywe hadharani. Shilingi 75,000 kwa wiki ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi ni shilingi 3,000,000. Yaani televisheni moja sebuleni, na nyingine mbili mfukoni mwa mkopeshaji! Katika ile miezi minne mama yetu alikuwa amekwisha kutoa shilingi 1,200,000, zaidi ya bei ya dukani. Alikuwa ameinunua, na bado ikachukuliwa. Kama huu si unyonyaji, basi neno hilo lifutwe katika kamusi.

Tupime na mshahara. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 mpaka 500,000. Mwenye mshahara huo akitoa 300,000 za kausha damu, hubaki na 200,000 za chakula, kodi ya nyumba, nauli, shule na dawa. Na huyo ndiye mwenye bahati ya kulipwa kila mwisho wa mwezi. Fundi cherehani hana mwisho wa mwezi. Ana siku ya mvua na siku ya jua.

Atakuja mtu kutuambia kwamba mikopo ipo kwa mujibu wa sheria. Vizuri, tuitazame sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka kila mkopeshaji awe na leseni. Mwongozo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana umeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa riba hiyo milioni moja ya miezi kumi, hata ikihesabiwa juu ya fedha yote bila kupunguzwa, ingezaa riba ya shilingi 350,000. Kausha damu alidai milioni mbili. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu ambazo zilikuwa zikifanya kazi bila kibali. Sitini na tisa! Basi kupe hakai kichochoroni tu. Amekwisha kuingia katika simu, na simu imo mfukoni mwetu.

Tena kuna mtego mwingine ulio laini zaidi. Ni ile televisheni inayouzwa pamoja na sola, ikalipiwa kwa simu siku kwa siku. Ukilipa inawaka, usipolipa inajifunga. Hatusemi kwamba kila biashara ya namna hiyo ni wizi. Wako wananchi vijijini waliopata mwanga kwa njia hiyo, nasi twashukuru. Twasema tu: kitu ambacho mtu aliye mbali aweza kukizima ndani ya nyumba yako, bado si chako. Mtu asikudanganye kwa sababu kimetundikwa ukuta wako. Kabla ya kutia kidole, uliza bei ya taslimu, uliza jumla ya malipo yote mpaka siku ya mwisho, kisha toa moja katika nyingine. Kinachobaki ndicho bei ya haraka yako.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hatusemi mwananchi asikope kabisa. Anayekopa kununua cherehani anakopa mkono wa pili. Cherehani italipa deni lake yenyewe. Televisheni hailipi deni. Huongeza matumizi. Inchi 55 yaweza kula wati 100 hivi. Isome karatasi iliyo nyuma yake. Ikiwashwa saa tano kwa siku ni nusu uniti, na kwa mwezi ni uniti 15. Kwa mteja mdogo wa umeme ambaye hatakiwi kuzidisha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu moja katika tano ya umeme wake wote. Ongeza king'amuzi na malipo ya kila mwezi. Mambo haya muuzaji hayaandiki katika kibao chake.

Na ukubwa wenyewe? Inchi 55 ni upana wa sentimita 122 hivi. Wengi wetu tunapanga chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, kabati na ndoo za maji. Hapo inchi 32, yenye upana wa sentimita 71, yatosha familia. Tena picha safi kabisa ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, jumla zaidi ya milioni mbili. Chaneli ikirushwa kwa ubora wa kawaida, nukta 720 kwa 576, haifiki hata nusu milioni. Ukiitazama chaneli hiyo katika kioo kikubwa, umelipia nukta milioni mbili, umeletewa sehemu moja katika tano hivi, na kioo kinaivuta kama nguo ndogo juu ya mtu mnene. Wananchi wengi hununua inchi, kumbe walitaka picha. Basi kabla ya kununua, ukatazame kwa jirani chaneli zile zile utakazozitazama wewe. Usidanganywe na mkanda wa dukani, ambao umetengenezwa ili upendeze dukani.

Lakini wakati haungoji, nao kupe wanajua. Mwaka 2023 nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilipewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Kila mzalendo alifurahi, nasi tulifurahi. Basi tujiandae kusikia wimbo: mashindano yako nyumbani, timu ya taifa inacheza, mzalendo gani asiye na televisheni kubwa? Watatumia bendera yetu kutuuzia deni lao! Ndiyo maana twasema mapema.

Tufanyeje, basi? Jibu tunalo, na halikutoka Ulaya. Mama zetu wamecheza upatu tangu zamani. Watu ishirini wakiweka shilingi 50,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 1,000,000 taslimu. Hakuna riba wala guta mlangoni. Asiyeweza 50,000, ishirini hao waweke 20,000, kila mmoja apate 400,000, anunue televisheni ndogo au aongeze akiba yake mpaka itoshe. Lakini upatu bila daftari ni ugomvi. Majina yaandikwe, kura ipigwe mbele ya wote, na fedha zisishikwe na kijumbe mmoja bali watu watatu. Atakayepata mwanzo afungue mlango siku ya mpira, wenzake waingie. Kwa njia hiyo anayengoja mwezi wa ishirini hangoji gizani. Na kila tawi lenye ukumbi liweke televisheni moja kubwa kwa michango ya wanachama, watoto watazame bila kulipa kiingilio. Hapo ndipo inchi 65 ina kazi!

Najua wako watakaosema, "Miezi ishirini ni mingi, kwa mkopo naipata leo." Ndugu zetu, kwa mkopo hamuipati leo. Leo mnaipokea tu. Kuipata ni mwezi wa kumi, baada ya kulipia tatu, ikiwa hakuna mvua, hakuna ugonjwa wala msiba. Nani kati yetu amepata kuishi miezi kumi bila hata kimoja cha hivyo?

Kwa hiyo twawaagiza viongozi wa matawi mambo matatu. Kwanza, mkutano ujao kila mwanachama mwenye karatasi ya mkopo aje nayo, isomwe kwa sauti, hesabu ifanywe ubaoni. Pili, mkopeshaji asiye na leseni, au anayetoza kupita ukomo, apelekewe malalamiko kwa wanaohusika, nayo yaandikwe na yatiwe sahihi na watu wengi, maana mtu mmoja huogopa na ishirini hawaogopi. Tatu, upatu uanze mwezi huu huu, si baada ya mashindano.

Na yule mama fundi? Wanachama wa shina lake wamekwisha kuchanga. Hawakuchangia televisheni, wanachangia cherehani, na zikitimia atashona, akishona atapata, na akipata ataweka fungu lake katika upatu pamoja na wenzake. Kile chuma cha ukutani tumemwomba asikiondoe. Siku moja kitashika televisheni tena, na siku hiyo akiulizwa ni ya nani, atajibu kwa neno moja: yangu.