Callas yupi? Andikeni majina kwenye nyimbo zenu jamani

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi zilikuwa za testi mfululizo, watu tunalala na madesa kifuani, tunaamka nayo. Tumevuka, nani ana sapu na nani hana tutajuana mbele ya safari. Leo naomba niache masomo niongelee ule ugonjwa wangu mnaoujua, ule ambao rumeti wangu anauita "makelele ya wazungu". Naongelea opera. Msikimbie, nina neno ambalo linamhusu hata yule anayesikiliza singeli peke yake.

Neno lenyewe ni hili: wimbo usioujua umeimbwa na nani, wapi na mwaka gani, huo huna. Una sauti nzuri tu ndani ya simu. Najua ni maneno makali, ngoja nieleze yalikotoka.

Mwezi wa tatu laptop yangu ilikufa. Haikuumwa, ilikufa tu, usiku, nikiwa katikati ya asaimenti. Nikaipeleka kwa fundi, akakaa nayo siku nne, akaniambia, "Dogo, vitu vyako vimepatikana vyote, ila majina yamepotea." Nikashangilia. Nilipofika hosteli ndipo nikaelewa alichosema. Nyimbo 214 nilizokusanya tangu kidato cha tatu zilikuwepo, ila kila moja inaitwa namba. Nyingi nilizipata kwa watu kwa flash, ndani hazikuwa na maelezo yoyote, jina lilikuwa nje tu. Basi ikawa kama umepewa darasa la wanafunzi 214 siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha na rejista hakuna.

Nikaanza kuzitambua kwa masikio. Nilipozisikia mbili za Maria Callas akiimba Tosca nikaziandika zote "Callas Tosca", basi. Moja nikampa jamaa yangu mmoja wa Fizikia na Hisabati ambaye nimemwambukiza ugonjwa huu. Wiki iliyofuata tukakutana kwenye kimbweta, akaanza: "Ticha, huyu mama wako mbona sauti yake ya juu inatikisika kama bati lililolegea?" Mimi nikapanda. Nikamwambia masikio yake yamezoea kanuni za mwendo, Callas ni moto. Tulibishana siku tatu, na siku ya pili hatukusalimiana vizuri.

Kwa wasiojua: Tosca ni opera ya Giacomo Puccini, ilionyeshwa mara ya kwanza Roma mwaka 1900. Tosca mwenyewe ni mwimbaji. Mpenzi wake, mchoraji, amekamatwa na mkuu wa polisi anayeitwa Scarpia, anateswa chumba cha pili, na Scarpia anamwambia Tosca kwamba akitaka jamaa apone, alipe kwa mwili wake. Hapo ndipo Tosca anamwimbia Mungu akimuuliza kwa nini anamlipa hivi. Ni dakika tatu na ushei, na mwimbaji hana pa kujificha.

Siku ya tatu jamaa akaja na wazo. Akachomeka hedifoni, sikio moja lake, moja langu. Kwenye wimbo wangu wote tulisikia kitu kilekile. Kwenye wimbo wake, mimi nasikia ala ambazo yeye hazisikii vizuri, na yeye anasikia zake. Tukatazamana. Hizi ni rekodi mbili tofauti! Wangu ni wa zamani, kabla ya stereo, sauti yote inatoka njia moja. Wake ni wa stereo.

Na kweli, Callas aliirekodi Tosca nzima studio mara mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1953, Milano, pamoja na okestra ya La Scala, mwongozaji Victor de Sabata. Callas alikuwa na miaka 29. Ya pili ni ya Paris, Desemba 1964, mwongozaji Georges Prêtre, Callas ana miaka 41. Scarpia ni yuleyule katika zote mbili, Tito Gobbi. Ila yule mwanamke si yuleyule tena. Mwaka 1953 sauti inamtii kila anakoipeleka. Mwaka 1964 kule juu inatikisika, jamaa hakukosea. Julai 1965 aliimba Tosca London, na hakurudi tena kwenye jukwaa la opera.

Sasa sikilizeni. Baada ya kujua hayo, nikaurudia ule wimbo wa 1964. Kabla ya hapo ulikuwa "ule mbaya". Sasa nasikia mtu anayejua sauti inamkimbia, na anamuuliza Mungu swali lilelile la 1953. Sauti haikubadilika hata kidogo kwenye flash. Kilichobadilika ni mimi kujua mwaka. Jamaa naye aliposikia wa 1953 alinyamaza, kisha akasema, "Samahani, ticha." Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika "Callas Tosca" nikadhani nimemaliza kazi.

Mfano mwingine. Kuna mtu aliniambia Enrico Caruso anasifiwa bure, anasikika kama yuko ndani ya debe. Sawa, lakini uliza mwaka. Caruso aliimba rekodi zake za kwanza za kampuni ya Gramophone tarehe 11 Aprili 1902, ndani ya chumba cha hoteli kule Milano. Nyimbo kumi mchana mmoja, malipo pauni 100. Hakukuwa na maikrofoni. Aliimba kuelekea kwenye mdomo wa pembe kubwa ya bati, na mitetemo ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore kwenye nta. Kurekodi kwa umeme kulianza kuenea mwaka 1925, na Caruso alishakufa mwaka 1921. Kwa hiyo hakuna rekodi hata moja ya biashara ya Caruso yenye maikrofoni. Hilo debe unalolisikia ni la mashine, si la Caruso. Ukishajua, sikio lenyewe linajifunza kulipangua lile bati na kumsikia mtu aliye nyuma yake.

Na hapa namjibu rumeti wangu na hayo "makelele ya wazungu" yake. Marian Anderson alikuwa Mmarekani mweusi, sauti ya alto nzito kabisa. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall jijini Washington kwa sababu ya rangi yake. Akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, Jumapili ya Pasaka tarehe 9 Aprili, mbele ya watu wapatao 75,000. Jumba la opera la Metropolitan la New York lilimfungulia mlango tarehe 7 Januari 1955, akawa mwimbaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi ya kuigiza pale. Piga hesabu, alizaliwa 1897. Alikuwa na miaka 57! Ukimsikia Anderson wa miaka ya hamsini bila kujua mwaka, utasema ni mama mwenye sauti iliyochoka, utapita. Ukijua mwaka, utauliza swali sahihi: ile sauti ya miaka thelathini na kitu, jukwaa lile lilikuwa wapi kuipokea? Mwaka ulioandikwa pembeni ya wimbo ni ushahidi wa dhuluma. Sisi wa Historia tunaambiwa kila siku tusome chanzo na tarehe yake. Mbona tukishika simu tunasahau?

Na milango ilifunguka. Leontyne Price aliingia Metropolitan Januari 1961. Jessye Norman, ambaye ndiye aliyeniingiza mimi kwenye haya mambo, alirekodi nyimbo nne za mwisho za Richard Strauss kule Leipzig mwaka 1982. Mwalimu wetu wa kwaya sekondari alituchezea kwa simu yake tulipokuwa tunahangaika na Haleluya ya Handel, akasema, "Sikilizeni mtu anavyopumua." Nilisahau hata kula. Na siku hizi yupo Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyesikia opera mara ya kwanza kwenye tangazo la ndege la televisheni akiwa na miaka 16, na mwaka 2013 akaimba Metropolitan. Sasa haya ni makelele ya nani?

Najua mtakachosema. Mtasema mtandaoni kila kitu kipo, na simu inatambua wimbo yenyewe. Kwanza bando likiisha mkusanyiko wako umeisha nalo. Pili, mara nyingi mwaka unaouona pale ni wa wimbo kutolewa upya. Rekodi za Callas zilisafishwa na kutolewa tena mwaka 2014, kwa hiyo unaweza kukutana na Tosca ya 1953 imeandikwa 2014. Callas alifariki 1977! Usipokuwa na daftari lako utadanganywa na mashine huku unashukuru.

Mimi sasa nina kaunta buku. Kila wimbo una mstari wake: mwimbaji, wimbo na mtunzi, opera gani, mwongoza okestra, mji, mwaka. Nisichokijua naacha nafasi wazi, sijazi kwa kubahatisha. Nakala ziko mbili, flash moja hapa chuoni, nyingine nyumbani. Bumu likitoka nanunua albamu moja, si kumi. Katika zile 214 nimeshazipa majina 131. Ni chache, ila sasa ni zangu kweli.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Kampuni ileile ya Gramophone iliyomrekodi Caruso ndiyo iliyomchukua Siti binti Saad wa Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, kwa lebo ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu! Sahani za santuri za wakati ule zilikuwa za kuvunjika kama vigae. Wote tumesikia kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake, wengine tumeufanyia mpaka mtihani. Je, ni wangapi hapa wamemsikia Siti akiimba hata wimbo mmoja, na wakajua ni wa mwaka gani?

Namalizia na la nyumbani, ambalo sikutaka kuliandika ila nimeona niliandike. Nyumbani kuna kaseti moja ya kwaya ya mtaani kwetu. Haina maandishi yoyote, ni karatasi nyeupe tu iliyogeuka njano. Mama yangu alikuwa anaimba soprano kwenye kwaya ile, na alifariki nikiwa na miaka sita. Sauti yake siikumbuki. Likizo iliyopita nilihamishia kaseti ile kwenye simu, nikakaa na shangazi na akina mama wawili waliobaki wa kwaya ile. Kuna wimbo wa pili upande wa kwanza, mwanamke mmoja anaanzisha peke yake. Shangazi akasema, "Huyo ndiye mama yako." Mama mwingine akatikisa kichwa, akasema hapana mwanangu, huyo ni mwenzetu fulani, mama yako mwaka huo alikuwa hajajiunga. Mwaka gani? Hakuna anayejua. Wakabishana kwa upole, mimi nikiwa katikati na simu mkononi.

Yaani mtu mmoja tu angechukua kalamu siku ile, akaandika majina na mwaka, dakika mbili, leo ningejua. Ninao uwezo wa kukwambia Callas alikuwa Paris Desemba 1964, na sijui kama sauti ninayoisikiliza usiku ni ya mama yangu. Kwenye kaunta buku nimeandika wimbo ule ukurasa wa peke yake. Mahali pa mwimbaji nimeweka majina mawili na alama ya kuuliza.

Kwa hiyo ndugu zangu walimu watarajiwa, kesho mtakuwa na kwaya za shule, ngonjera, mahafali, na simu za kurekodi mnazo. Mkirekodi, andikeni. Nani, wapi, lini. Na wale mlio na nyimbo zangu kwenye flash zenu zenye jina la "Callas Tosca", leteni tuzitenganishe. Nitakuwa kwenye kimbweta kilekile kuanzia saa kumi. Njoo na hedifoni.

Ni hayo tu kwa leo. Tuko pamoja.